Kabla ya Kushindana na Wengine, Mtumbwi Ushindane na Wenyewe

Kila yanapomalizika mashindano ya makasia kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, maelezo ya matokeo hayakosekani: wale wana nguvu, mtumbwi wao mwepesi, upepo uliwabeba, nahodha wao anayajua maji. Kwa miaka kadhaa mashindano yaliyodhaminiwa na bia ya Balimi Extra Lager yalikutanisha timu za wanaume na za wanawake kutoka Mwanza, Ukerewe, Kagera, Mara na Kigoma, fainali zikifanyika Mwanza, na maelezo ya namna hiyo yalisikika kila mwaka. Huenda yote ni kweli. Kasoro yake ni kwamba hayamsaidii mtu anayetaka kurekebisha kitu, kwa kuwa hayaonyeshi kila sababu ilichangia sekunde ngapi. Timu yenye wiki chache za maandalizi haiwezi kufanya yote kwa pamoja. Ibadilishe mpangilio wa kukaa? Ipunguze idadi ya mapigo na kuongeza nguvu ya kila pigo? Ichonge makafi mapya, au ikwangue na kulainisha tako la mtumbwi? Pasipo kipimo, uamuzi huangukia kwa mwenye sauti kubwa kuliko wenzake.

Katika mbio za magari tatizo hili lilipatiwa dawa zamani. Hata madereva wa vigari vidogo wanaokimbia mwisho wa wiki kwa kujifurahisha hufunga kinasa data, yaani kifaa kinachoandika kasi, mahali na mtikisiko mara nyingi kila sekunde, kisha jioni hulinganisha mzunguko mmoja na mwingine na kuona ni kona ipi iliyowapotezea muda. Kwa muda mrefu vifaa hivyo vilikuwa ghali, lakini chipu zinazofanya kazi hiyo sasa zimo ndani ya simu za kawaida na huuzwa moja moja kwa bei ndogo. Kwa hiyo kinasa data cha mtumbwi wa mashindano kinaweza kujengwa Mwanza kwa gharama isiyozidi bei ya simu janja ya daraja la chini. Hoja ya makala haya ni kwamba kifaa hicho cha bei nafuu kinatosha kabisa, kwa sharti moja: kitumike kuulinganisha mtumbwi na wenyewe, katika hali zinazofanana, ili kujibu swali moja kwa wakati. Juhudi nyingi ziende kwenye utaratibu wa majaribio. Wingi wa vihisi hauwezi kuziba pengo la utaratibu mbovu.

Tuanze na kile kinachostahili kupimwa. Mtumbwi wa makafi hauendi kwa kasi moja. Kafi linapovuta maji unachapuka, linapotoka majini unapungua, na hivyo hivyo hadi mwisho wa safari. Mabadiliko hayo yana gharama. Ukinzani wa maji huongezeka takriban kwa mraba wa kasi, na nguvu inayohitajika kuushinda huongezeka takriban kwa kipeo cha tatu. Chukua mitumbwi miwili yenye wastani ule ule wa mita 3 kwa sekunde. Wa kwanza unakwenda sawasawa. Wa pili nusu ya muda unakwenda mita 3.5 na nusu nyingine mita 2.5. Ukipiga hesabu ya vipeo vya tatu, wa kwanza unapata 27 na wa pili 29.25. Maana yake wapiga makasia wa mtumbwi wa pili wanatumia nguvu zaidi kwa karibu asilimia 8 ili wafike kwa muda ule ule. Mtu aliyesimama ufukweni hawezi kuona tofauti hiyo kwa macho, na saa ya mkononi haiwezi kuionyesha. Kinachohitajika ni kuona kasi ndani ya pigo moja, idadi ya mapigo kwa dakika, na umbali unaopatikana kwa kila pigo. Timu inayokwenda mita 3 kwa sekunde kwa mapigo 60 inapata mita 3 kwa pigo. Ikishuka hadi mapigo 54 na kasi ikabaki mita 2.9, inapata mita 3.2 kwa pigo, na huenda hiyo ndiyo hali watakayoweza kuihimili hadi mstari wa mwisho. Vipimo hivyo vitatu vinatosha kwa msimu wa kwanza.

Hapa atainuka mtu aulize: kwa nini nijisumbue kuchomelea waya wakati simu yangu ina GPS? Swali ni la haki, na jibu lake la kwanza ni kwamba anza na simu hiyo hiyo. Ifunge vizuri ndani ya mfuko usiopitisha maji, washa programu yoyote ya kurekodi safari, na utapata wastani wa kasi na umbo la njia mliyopita bila kutumia senti. Lakini simu nyingi huandika kasi mara moja tu kwa sekunde. Kama mapigo ni 60 kwa dakika, pigo moja linachukua sekunde moja, kwa hiyo simu inachungulia mtumbwi mara moja katika kila pigo, tena karibu wakati ule ule wa pigo. Ikiangukia kilele itakuonyesha kasi kubwa mfululizo, na ikiangukia bonde itakuonyesha kasi ndogo, ilhali mtumbwi haukubadilika. Mapigo yakiwa 58 au 62, grafu itapanda na kushuka polepole kama kwamba timu inachoka na kupata nafuu, kumbe ni mchezo wa muda tu. Anayetaka kuona ndani ya pigo anahitaji kifaa kinachopima kasi angalau mara 5, na vizuri zaidi mara 10, kwa sekunde.

Sehemu za kifaa ni chache. Ubongo wake ni bodi ya ESP32, ambayo ina viini viwili vya kufanyia kazi na huandikiwa programu kwa mazingira ya bure ya Arduino. Kipokezi cha GPS cha aina ya NEO-M8N huweza kutoa hadi vipimo 10 kwa sekunde, na NEO-6M ya zamani, ambayo ni rahisi zaidi, hadi 5. Kihisi cha MPU6050 hupima mchapuko na mzunguko katika pande tatu, nacho kisomwe mara 100 kwa sekunde. Ongeza kituo cha memori kadi, betri moja ya litiamu ya aina ya 18650 pamoja na bodi yake ya kuchajia na kulinda betri, swichi, kitufe kimoja na taa moja ndogo. Kadi ya GB 8 ni kubwa kupita kiasi, kwa kuwa safari ya saa moja haijazi hata MB 30. Jambo moja huwakwamisha wengi: vipokezi hivi hutoka kiwandani vikituma kipimo kimoja kwa sekunde, kwa mwendo wa mawasiliano wa biti 9600 kwa sekunde, tena vikiwa na sentensi nyingi zisizohitajika. Mwendo huo hupitisha herufi 960 tu kwa sekunde. Ukiomba vipimo 10 bila kubadilisha kitu kingine, ujumbe utafurika na vipimo vitapotea kimyakimya. Zima sentensi zote isipokuwa ile yenye muda, mahali na kasi, na ile yenye idadi ya setilaiti, kisha pandisha mawasiliano hadi 38400 au zaidi.

Kosa la pili la kawaida limo kwenye programu. Memori kadi huandika kwa mikupuo, na mara kwa mara husimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi ikijipanga. Programu inayosoma kihisi na kuandika kwenye kadi kwa zamu itakosa vipimo kila kadi inaposimama. Vipe viini viwili vya ESP32 kazi tofauti: kimoja kisome vihisi na kuweka vipimo kwenye foleni, kingine kitoe kwenye foleni na kuandika. Hifadhi ya faili ikamilishwe kila sekunde chache, ili betri ikikatika mpoteze sekunde hizo tu na si mazoezi yote ya asubuhi. Usikiagize kifaa kipige hesabu zozote kikiwa majini. Kiandike vipimo vibichi, kila mstari ukiwa na muda wake, na idadi ya setilaiti zinazotumika iandikwe pia ili baadaye ujue vipimo vipi ni vya kutiliwa shaka. Hesabu zifanyike nyumbani kwenye kompyuta, ambako ukikosea unaweza kurudia. Ukifuta vipimo vibichi, huna pa kurudi.

Ni lazima kujua udhaifu wa kila kihisi, kwani ndiko kunakotenganisha data na mapambo. GPS ya bei hii inaweza kukosea mahali kwa mita 2 au 3, lakini hupima kasi kwa njia nyingine, kwa kuangalia jinsi mawimbi ya setilaiti yanavyobadilika kutokana na mwendo, na kosa lake la kasi kwenye anga wazi ni karibu mita 0.1 kwa sekunde au pungufu. Kwa hiyo tumia kasi inayotolewa na kipokezi chenyewe, wala usiipate kwa kugawa umbali kati ya nukta mbili. Kumbuka pia kwamba kipokezi hulainisha vipimo vyake, hivyo vilele vya kasi vitaonekana vifupi kuliko vilivyo. MPU6050 nayo ina mtego wake. Inashawishi kujumlisha mchapuko ili kupata kasi, lakini kosa dogo la mita 0.05 kwa sekunde mraba, likijumlishwa kwa dakika moja, huzaa kosa la kasi la mita 3 kwa sekunde, sawa na kasi yote ya mtumbwi. Isitoshe, omo ikiinuka kwa nyuzi 1 tu, mvutano wa dunia huingiza mchapuko wa uongo wa takriban mita 0.17 kwa sekunde mraba. Kihisi hiki kitumike kuhesabu mapigo, kuona kama kila pigo lina umbo moja, na kujua mtumbwi unayumba kiasi gani. Kasi iachiwe GPS.

Je, makosa hayo hayakifanyi kifaa kuwa bure? Hapana, na sababu ndiyo kiini cha hoja. Kosa linalojirudia kwa namna ile ile halidhuru ulinganisho. Ikiwa kifaa kinapunguza vilele kwa kiasi kile kile leo na kesho, bado kitaonyesha kwamba mpangilio mpya wa kukaa umepunguza kupanda na kushuka kwa kasi. Kinachoharibu ulinganisho ni kosa linalobadilika: kisanduku kilichohamishwa, kihisi kilichofungwa kwa utepe kikalegea, antena iliyofunikwa na mgongo wa mpiga kasia. Kwa hiyo funga kifaa kwa skrubu kwenye ubao wa katikati, juu ya mkuku, mshale wake ukielekea omo, na antena ikitazama mbingu. Weka alama ya rangi mahali pake ili kirudi hapo hapo kila siku. Kabla ya kuondoka kiache kitulie dakika moja, kwani vipimo vya dakika hiyo ndivyo vitakavyotumika kusahihisha vihisi. Kwa kisanduku, kontena la chakula lenye mpira kwenye kifuniko linafaa, likiongezwa vipakiti vya kufyonza unyevu na kipande cha povu gumu ili lielee likianguka. Maji ya ziwa letu si ya chumvi, kwa hiyo hayali waya haraka kama ya Dar es Salaam au Tanga, lakini betri ya litiamu iliyoingiwa na maji ni hatari popote.

Utaratibu wa majaribio ndio mgumu kuliko kuchomelea waya, kwa sababu ziwa halitulii kukusubiri. Kwa kawaida usiku hadi alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana, ardhi ikishapata joto, hugeuka na kuvuma kutoka ziwani. Timu inayojaribu kafi la zamani saa 1 asubuhi na kafi jipya saa 5 imepima jua na upepo. Fanya majaribio yote ndani ya kipindi kimoja kifupi cha asubuhi. Kila jaribio liwe la kwenda na kurudi kwenye njia ile ile ya mita 500, na safari hizo mbili zihesabiwe kama jaribio moja. Halafu badilisha kwa zamu: mpangilio wa zamani, mpya, wa zamani, mpya. Ukimaliza majaribio yote ya zamani ndipo uanze mapya, uchovu na upepo vitajificha ndani ya matokeo. Njia isifuate maboya, maana husogea. Chagua nukta mbili kwenye GPS na acha kompyuta ikate muda pale mtumbwi unapozivuka.

Kina cha maji nacho hakipuuzwi, hasa kwa wanaofanyia mazoezi karibu na ufukwe. Mtumbwi unaposukuma mawimbi kwenye maji ya kina kifupi, ukinzani huongezeka sana kasi inapokaribia kasi ya wimbi lenyewe. Kwenye kina cha mita 1, kasi hiyo ya wimbi ni karibu mita 3.1 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya timu nzuri. Kwenye kina cha mita 4 ni zaidi ya mita 6. Timu inayojipima kwenye maji ya kiunoni inaweza kudhani imegonga ukuta wa nguvu zake, kumbe imegonga mawimbi yake yenyewe. Tafuta njia yenye kina cha angalau mita 4 mwanzo hadi mwisho. Epuka pia njia ya vivuko, kama kile cha Kamanga, kwa sababu mawimbi yake huendelea kutikisa maji muda mrefu baada ya kupita. Na kagua tako la mtumbwi kabla ya kila jaribio, kwani shada moja la magugu maji lililonasa linaweza kufuta faida ya wiki nzima ya kazi. Haya yote yaandikwe kwenye daftari: saa, upepo, nani alikaa wapi, uzito wa jumla, kilichobadilishwa. Faili lisilo na daftari ni mistari ya namba isiyo na mwenyewe.

Jaribio la mwisho ni la uaminifu wa msomaji wa namba. Tuchukue mfano wa kubuni. Mpangilio wa zamani umetoa sekunde 168, 171 na 166 kwa wastani wa kwenda na kurudi. Mpangilio mpya umetoa 165, 169 na 167. Mpya umeshinda kwa sekunde 1.3 za wastani, na mwenye wazo hilo atashangilia. Lakini mpangilio wa zamani peke yake umetofautiana na wenyewe kwa sekunde 5. Tofauti ya sekunde 1.3 imemezwa na tofauti hiyo, na jibu sahihi ni kwamba bado hatujajua. Kama mpya ungetoa 160, 162 na 161, pangekuwa na la kuzungumza, kwa sababu hata jaribio lake baya kuliko yote limelishinda jaribio bora la zamani. Kanuni hii rahisi, ya kupima kwanza jinsi timu inavyotofautiana na yenyewe pasipo kubadilisha chochote, itaokoa pesa nyingi za makafi mapya.

Wazee wa ziwa watasema mabingwa walishinda bila kifaa chochote. Ni kweli, na kifaa hakishindani na ujuzi wao. Nahodha mwenye miaka mingi majini huhisi mtumbwi unapokwama, na mara nyingi hisia yake ndiyo chanzo bora cha swali la kupima. Kinasa data kinampa njia ya kuwashawishi vijana wasiohisi kile anachohisi yeye, na njia ya kuacha ujuzi huo nyuma yake. Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wapiga makasia: je, kifaa hiki si cha kutafuta wa kulaumiwa? Kikitumiwa vibaya, ndivyo kitakavyokuwa. Kihisi kilichofungwa kwenye mtumbwi hakiwezi kusema nani amelegea, kwa kuwa kinapima mtumbwi mzima, na kocha anayejifanya amesoma jina la mtu kwenye grafu anadanganya. Timu ikubaliane mapema kwamba data zitaonyeshwa kwa wote baada ya mazoezi, na zitatumika kupanga mtumbwi, si kupanga adhabu.

Wapo watakaotaka kwenda mbali zaidi: kihisi cha nguvu kwenye kila kafi, mapigo ya moyo ya kila mtu, kamera, na kutuma data moja kwa moja ufukweni. Washauriwe kusubiri. Kila kihisi kinachoongezwa huleta waya wa kukatika, tundu la kuingiza maji, na safu ya namba ambayo hakuna aliyeiulizia swali. Anayedhani ujuzi wa programu utamshinda ajue kwamba mji una pa kuuliza: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina kampasi Mwanza, chuo cha ufundi cha VETA kipo, na fundi simu wa mtaani anajua kuchomelea waya nyembamba kuliko hizi. Mwanafunzi wa umeme anayetafuta kazi ya mradi atapata hapa kazi yenye manufaa, na timu itapata fundi.

Tahadhari moja haina mjadala. Kinasa data hakiokoi mtu. Ziwa lililoimeza meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 halijali kama jaribio lako limebaki moja. Jaketi la kuokolea livaliwe katika kila jaribio, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe kabla ya kutoka, na upepo ukigeuka data iachwe.

Kwa anayetaka kuanza, mpangilio ni huu. Wiki ya kwanza tumia simu na daftari, ili mzoee njia na mjue timu inatofautiana na yenyewe kwa sekunde ngapi. Kama tofauti hiyo ni kubwa, kazi yenu ya kwanza ni kuipunguza kwa mazoezi ya mapigo yanayolingana, na hakuna kifaa kitakachoifanya kwa niaba yenu. Ikishapungua, jenga kinasa data chenye GPS na kihisi kimoja cha mchapuko, chagueni swali moja ambalo timu inabishania zaidi, na mjaribu hilo tu hadi jibu lipatikane au ithibitike kwamba tofauti ni ndogo mno kupimika. Jibu hilo la pili nalo ni ushindi, kwa sababu linafunga ubishi na kuelekeza nguvu za timu kwenye swali linalofuata.